Kulitafutia Neno Mwenzake

Wasemao Kiingereza wana kauli ya tangu zamani kwamba hakuna neno linalotoa kina na "orange". Chungwa, tunda la kila soko, na rangi iliyopewa jina hilohilo, vimeachwa bila mwenza katika lugha yenye maneno mengi kuliko mtu mmoja awezavyo kuyajua. Wengi wakishaambiwa hivyo huridhika. Wachache hawakuridhika. Walikaa na neno hilo, wakalipasua, wakalitafutia mwenzake kwenye ramani, kwenye vitabu vya mimea, hata makaburini. Kazi yao ningependa tuitazame kwa utulivu, maana ni kazi ya sikio, na sisi tuliolelewa kwenye vina tunaweza kuipima kwa haki.

Kwetu kina ni silabi ya mwisho. Mtunzi wa Kiswahili akipewa "chungwa" hahangaiki hata kidogo. Silabi ni "ngwa", na vitenzi vya kutendwa vinamjia vyenyewe: fungwa, jengwa, tungwa, pangwa, chongwa, lengwa, gongwa. Ugumu wake unakuja baadaye. Shairi la tarbia lenye beti kumi lina mishororo 40, kila mmoja una kina cha kati na kina cha mwisho, na akijifunga kuvishika vina vilevile tangu mwanzo hadi tamati, ghala hupungua ubeti kwa ubeti. Kwa hiyo malenga wetu anasumbuliwa na wingi: atafute vingi, visirudiwe, visichoke, shairi lisije likaitwa guni.

Kiingereza kinasumbua kwa njia nyingine. Kina kilichokamilika huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo, na kutoka hapo sauti zote zifuatane sawasawa hadi neno liishe. Konsonanti iliyotangulia irabu hiyo lazima itofautiane, la sivyo umelirudia neno badala ya kulitafutia mwenzake. Sasa tulitie "orange" kwenye sheria hiyo. Neno lina silabi mbili, tuseme "o-rinj". Mkazo uko kwenye ile ya kwanza, na silabi hiyo inaanza na irabu. Maana yake, hakuna kipande cha neno kinachosamehewa. Neno zima ndilo kina. Mwenzake hawezi kuwa kitu kingine ila sauti hizohizo zote zilizotanguliwa na konsonanti. Hapo ndipo mtu anapotambua kwa nini kazi ni nzito, na kutambua huko ni hatua ya kwanza ya ufundi. Asiyelisikia neno vizuri atatafuta mahali pasipo na kitu.

Macho humpotosha fundi mapema kabisa. Kiswahili huandikwa kinavyosemwa, na tumezoea kuyaamini maandishi. Kiingereza hakina uaminifu huo. "Range", "change" na "strange" zinaishia kwa herufi zilezile za "orange", lakini mdomoni hazifanani nalo hata kwa mbali: irabu yao ni ndefu na imebeba mkazo, ilhali silabi ya mwisho ya "orange" ni fupi, hafifu, karibu imezwe. Mtafutaji mzoefu huweka karatasi pembeni, akalitamka neno kwa sauti mara kadhaa, haraka na polepole, kama mnunuzi anayegonga mtungi kwa kidole kusikia kama una ufa.

Baada ya kusikia, huja zoezi la alfabeti. Hili ni la uvumilivu tu, wala halina njia ya mkato. Anachukua konsonanti moja moja na kuibandika mbele: "borange", "corange", "dorange". Akimaliza konsonanti pekee, anarudi kwenye zile zinazoungana: bl, br, fl, kw, sp, st, tr. Kila mara anasimama kidogo na kujiuliza kama sauti hiyo amewahi kuisikia popote. Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini njiani anaokota mambo. "Foreign", yaani cha kigeni, linamfikisha karibu kabisa, ila linakatika kabla ya ile "j". "Florin" vivyo hivyo, jina la sarafu ambayo Afrika Mashariki iliitumia kwa muda mfupi kuanzia mwaka 1920 kabla ya shilingi kuingia. Upande wa pili kuna maneno yenye mkia sahihi na kichwa kisicho sahihi. "Challenge" lina mkia huo. "Lozenge", kidonge cha kumung'unya mtu anapoumwa koo, lina hata irabu ya kwanza inayofanana katika matamshi ya Uingereza, ila katikati limeweka "z" mahali pa "r". "Syringe", bomba la sindano, lina "rinj" kamili, lakini mkazo umekaa huko mwishoni. Kwa hiyo kichwa kipo, mkia upo, mkazo upo, ila havikukutana ndani ya neno moja la kila siku. Fundi huyaandika yote hayo kwenye orodha. Neno lililokosea kidogo ni mali. Huenda likahitajika.

Zana ya hatua hii ni kamusi ya vina. John Walker, mwigizaji wa London aliyeacha jukwaa akawa mwalimu wa usemaji, alichapisha ya kwake mwaka 1775, na alipanga maneno kwa kuyasoma kutoka herufi ya mwisho kurudi mwanzo. Fikiria kazi hiyo kabla ya mashine yoyote: kulichukua kila neno la lugha, kuligeuza, na kulitia kwenye foleni yake mpya. Watunzi waliomfuata waliifanya kamusi yake kuwa chombo cha mezani kwa vizazi. Stephen Sondheim, mtunzi wa maneno ya nyimbo za maigizo ya muziki huko New York, aliyefariki mwaka 2021, aliipenda zaidi kamusi ya Clement Wood iliyotoka mwaka 1936, na sababu aliyotoa ni ya fundi hasa: maneno yake yameorodheshwa kwenda chini. Jicho linashuka na kupanda kwenye safu bila kurukia, na neno ambalo usingelifikiria linapata nafasi ya kukusimamisha. Sondheim aliandika amejilaza kwenye kochi, kwa penseli laini za Blackwing, kwenye karatasi za manjano zenye mistari. Penseli laini huisha ncha upesi, na kuichonga ni mapumziko ambayo mtunzi hahitaji kuyaombea ruhusa.

Kamusi hizo zinapofika kwa "orange" hunyamaza. Basi mtafutaji anatoka nje ya maneno ya kawaida, anaingia kwenye majina.

Kusini-mashariki mwa Wales, juu ya mji wa Abergavenny, kuna mlima uitwao Blorenge. Una urefu wa zaidi ya mita 550 na unautazama Mto Usk ukipita chini yake. Ile "bl" ya zoezi la alfabeti, ambayo ilionekana kama upuuzi wakati inatamkwa, ilikuwa inasubiri mlima. Wataalamu wa mimea nao wanalo "sporange", jina la kizamani la kifuko kinachotengeneza mbegu za vumbi za mimea kama kangaga. Anayeliwekea mkazo mwanzoni hupata kina, anayeuweka mwishoni hakipati. Mimi nauheshimu mlima zaidi. Jina la mahali halibishaniwi na mtu aliyesimama juu yake.

Kisha kuna Gorringe. Hili ni jina la ukoo, na aliyelibeba kwa umaarufu ni Henry Honychurch Gorringe, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyezaliwa Barbados. Ndiye aliyelihamisha kutoka Alexandria hadi New York lile nguzo-jiwe la Wamisri wa kale ambalo Wamarekani huliita Sindano ya Kleopatra: jiwe moja la matale lenye uzito wa tani 200 hivi. Aliinunua meli ya Kimisri, Dessoug, akaitoboa ubavu karibu na omo ili jiwe liingizwe ndani, akavuka bahari. Alifika New York Julai 1880. Kulitoa kwenye ukingo wa Mto Hudson hadi Central Park kulichukua siku 112, na lilisimamishwa Januari 1881. Gorringe alifariki mwaka 1885 akazikwa Sparkill, katika jimbo la New York, na juu ya kaburi lake pana nguzo ya umbo lile alilolihamisha. Hakuna popote alipojishughulisha na vina. Alikuwa anabeba, bila kujua, neno ambalo washairi wa lugha yake walikuwa wanalitafuta. Nitarudi kwake, kwa sababu kulipata jina ni nusu tu ya kazi.

Maneno mengine yaliyosemwa kuwa tasa yamepata wenza kwa njia hiihii ya kuchimba pembezoni. "Silver", fedha, lina "chilver", neno la wafugaji wa Uingereza kwa mwanakondoo jike. "Purple", zambarau, lina "curple", neno la Kiskoti la makalio ya farasi, na Robert Burns alilitumia kwa kina hicho bila kusita, kwani lilikuwa neno la nyumbani kwao. "Month", mwezi, liliokolewa na wanahisabati: katika orodha isiyo na mwisho wao husema kitu cha n jumlisha moja, na namba hiyo ikigeuzwa kuwa ya mpangilio, mwisho wake hutamkwa "wunth". Mwanahisabati hulitamka kila siku akiwa ubaoni bila kufikiri kwamba ametoa kina.

Lakini si kila mtunzi anataka kupanda mlima wa Wales. Upo mlango mwingine, nao ni wa kuyaunganisha maneno mawili au matatu madogo hadi yatoe sauti ya neno moja kubwa. Byron aliutumia katika *Don Juan*, utenzi mrefu alioanza kuuchapisha mwaka 1819, ambamo neno refu la kisomi linajibiwa na vijineno vya kawaida vilivyopangwa mkabala wake. Ukikutana na kina cha namna hiyo unacheka kwanza, kisha unarudi kuona kilivyoundwa.

Aliyeuonyesha ufundi huu mbele ya watu wengi zaidi ni Eminem, rapa wa Detroit. Mwaka 2010 alihojiwa na Anderson Cooper katika kipindi cha televisheni cha *60 Minutes*, akasema humuudhi kusikia kwamba hakuna kinachotoa kina na "orange". Akakiri kwanza ukweli wa fundi: ukilichukua neno lilivyo, hutapata linalolingana nalo kabisa. Kisha akalitamka upya, akizipa silabi zote mbili uzito, na hapohapo akaanza kuyataja maneno. Inafaa kuyapitia moja moja.

Kwanza, "door hinge", bawaba ya mlango. Katika kinywa cha Mmarekani irabu ya "door" pamoja na "r" yake hufanana na mwanzo wa "orange". "H" iliyoko katikati ni pumzi tu, na ikisemwa haraka hupotea. Mwisho ni "inj" timilifu. Kasoro ni kwamba "hinge" ni neno kamili lenye uzito wake, kwa hiyo msemaji hana budi kukandamiza "door" na kulegeza "hinge". Pili, "four-inch", cha inchi nne. Hapa mkia unageuka kutoka "j" kuwa "ch". Weka vidole kooni utamke sauti hizo mbili: ulimi unagusa mahali palepale, tofauti ni mtetemo wa koo peke yake. Tatu, "storage" na "porridge", yaani hifadhi na uji. Hapa ile "n" imeondoka, ila "n" inayotangulia "j" hupita puani kwa muda mfupi mno, na sikio lililo ndani ya mdundo halina nafasi ya kuidai. Nne, "George", jina la mtu, ambapo silabi ya pili yote imetoweka, zikabaki "or" na "j" zimeshikana mikono. Mpangilio huu ni wangu, yeye alianza na "four-inch"; lakini kutoka la kwanza hadi la nne maneno yanasogea mbali na neno lake hatua kwa hatua, na kila hatua ni fupi kiasi kwamba msikilizaji haioni. Zaidi ya hayo aliyapanga yote katika sentensi moja yenye mtu, mahali na chakula. Sauti zilitafutwa, na maana ikaja pamoja nazo.

Watu waliomwona siku hiyo wangeweza kudhani ni kipaji cha papo kwa papo. Katika mahojiano hayohayo alionyesha masanduku yaliyojaa makaratasi ya kuandikiwa maneno na vipande vya mishororo, akieleza kwamba ni akiba, risasi anazozikusanya. Alishawahi pia kuliweka neno hilo kwa wingi wake, pamoja na bawaba na mabomba ya sindano, katika wimbo "Business" wa mwaka 2002. Wepesi tunaouona jukwaani ulianzia kwenye karatasi hizo.

Malenga wetu wanaijua ruhusa anayoitumia. Tunaiita tabdila: kulibadili neno umbo kidogo ili kina kikae. Na kama ilivyo kwetu, inastahiwa inapotumiwa na mtu anayeonyesha kwamba angeweza kufuata sheria kama angetaka. Sondheim hakuikubali ruhusa hiyo kwa kazi yake. Alishikilia kwamba kwenye jukwaa la maigizo, ambako maneno hupita mara moja tu, kina kilichokamilika humsaidia msikilizaji kuyashika. Hata yeye alipokutana na "silver" hakukimbilia mwanakondoo. Alilikata neno refu mwishoni mwa mshororo, silabi yake ya kwanza ikabaki juu kushirikiana na neno lililotangulia kutoa kina, na iliyosalia ikashuka mshororo wa chini. Willard Espy, Mmarekani aliyeandika vitabu vya kuchezea lugha, aliifanyia "orange" vilevile kwa kuwakata wahandisi katikati. Ukataji huo unahitaji mkono mtulivu. Silabi iliyobaki juu sharti isomeke yenyewe, na iliyoshuka isionekane imetupwa.

Sasa turudi kwa Gorringe. Mshairi wa New York, Arthur Guiterman, aliyefariki mwaka 1943, alimtungia ubeti mmoja wa mishororo minne alioupa jina "Local Note". Sitaunukuu, ila nitaeleza ulivyojengwa. Mishororo miwili ya kwanza inasema mambo ya kweli na ya kawaida: mahali alipozikwa mtu fulani, na jambo alilolifanya. Kina chake ni chepesi, cha silabi moja, hakivutii macho. Mshororo wa tatu unamtaja kwa cheo na jina, kama tangazo la gazeti la mtaani, na mshororo unaishia kwenye Gorringe. Mpaka hapo msomaji hajaambiwa kuna nini. Ndipo mshororo wa nne unapolileta neno "orange".

Ajaribu mtu kuigeuza mishororo hiyo miwili. Weka "orange" kwanza, na msomaji atakuwa ameshtuka mapema, akisubiri kuona utajikwamuaje. Jina likija litaonekana limeburutwa kwa lazima. Guiterman alitanguliza neno adimu na kuchelewesha la kawaida. Watunzi wa mashairi mepesi huufuata mpangilio huu: kile kilichotafutwa kwa shida kikae juu kana kwamba kilikuwepo siku zote, na kile kinachofahamika na kila mtu kishuke baadaye kulithibitisha. Tena hakuhitaji kupinda kitu. Mtu alikuwepo, jiwe lipo, kaburi lipo, na katika mishororo minne hakuna neno lililoingizwa kwa ajili ya sauti peke yake. Kati ya wote niliowataja, huyu ndiye ninayemwona amefika mbali zaidi, ingawa sikio la Eminem ni kali kuliko lake.

Kuna jambo jingine katika kina chake ambalo hugundulika tu kwa kuyatamka maneno hayo mawili katika vinywa mbalimbali. "Door hinge" linashika vizuri Detroit. Ukilipeleka London, ambako "door" hutamkwa bila "r" na kwa irabu ndefu, linaachana na "orange". New York ya zamani hulianza neno hilo kwa irabu inayokaribia "a", na hapo bawaba haifai tena. Lakini Gorringe limeumbwa kwa sauti zilezile za "orange" kuanzia irabu ya kwanza hadi "j" ya mwisho, likiwa na "g" tu mbele. Lafudhi inayoipinda ile "o" huku itaipinda na kule, ya London, ya New York, hata ya mwanafunzi wa Tanga anayeimalizia "j" kwa irabu ndogo ya kwao: "orenji", "gorenji".